Sijalala, Nimefumba Macho Tu

Kwenye bao anayelala ni mkono. Unapanda kete shimo baada ya shimo, ya mwisho ikiangukia shimo tupu basi umelala, zamu inahamia kwa mwenzako. Jioni moja, barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mimi nililala kwa namna ambayo sheria za bao haziitambui. Nilikuwa na kete tano mkononi, nimeshapanda mbili, mkono ukasimama juu ya shimo la tatu. Wenzangu wanadai ulisimama hapo kiasi cha mtu kumaliza nusu kikombe cha kahawa. Mzee mmoja, mpinzani wangu wa siku zote, akasema taratibu bila kuinua macho: "Bwana, hizo kete zitakuotea mizizi."

Nikashtuka. "Sijalala!"

"Hujalala wapi? Kwenye bao, au kwenye dunia?"

Walicheka wee. Nami nilicheka, lakini moyoni niliona nimeonewa, maana nilikuwa na hakika sijalala. Nilikuwa nafikiria wapi pa kula kete. Mtu angeniapisha siku ile, ningeapa.

Nyumbani Mama Zuhura alikuwa na hesabu zake. Nakoroma tangu ujana, na kwa mkoromo wangu alishazoea kama watu wa karibu na pwani walivyozoea mawimbi. Kilichoanza kumwamsha ni kimya. Anasema nakoroma, nakoroma, halafu nakatika ghafla kama redio iliyozimwa, kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Usiku mmoja akachukua tasbihi, na kila nikinyamaza akawa anavuta punje moja moja kwa mwendo wa sekunde. Alipofika punje ya 27 nikakurupuka kwa mkoromo mkubwa, kama mtu aliyetolewa majini, nikageukia ukutani, nikaendelea. Asubuhi hakusema kitu. Alingoja siku tatu, akahesabu tena na tena, ndipo akaniambia: "Baba Zuhura, wewe usiku unakufa na kurudi."

Kabla ya hapo nilishakwenda zahanati moja kulalamika kwamba nachoka. Nikaambiwa ni umri, nikapewa vidonge vya vitamini. Nilikuwa na miaka 52. Sikusema kwamba nasinzia, kwa sababu sikujua kama nasinzia, na wala sikuulizwa. Neno nililolitumia ni "nimechoka", na Kiswahili chetu kinalibebesha neno hilo mizigo mingi mno. Aliyepakia magunia amechoka, aliyefiwa amechoka, asiyelipwa mshahara amechoka. Mwenye mavune akilala chini anapumzika, usingizi unaweza usimjie kabisa. Mwenye usingizi hahitaji hata kulala chini. Akikaa tu akanyamaza, unamchukua. Tabibu asiyetenganisha hayo mawili atakupa vitamini, na hutamlaumu sana.

Kilichonipeleka kwa daktari wa kweli ni barabara. Natoa mizigo bandarini, ni karani, na mara mbili kwa mwezi nilikuwa naendesha gari mwenyewe kwenda Dar es Salaam. Alfajiri moja nikatoka Tanga, nikapita Pongwe, nakumbuka vizuri. Kitu kilichofuata ninachokikumbuka ni njiapanda ya Segera. Katikati hapo kuna Muheza nzima, na machungwa yake. Muheza si mahali pa kupita bila kujua. Nilisimamisha gari pembeni, nikashuka, nikazunguka kulikagua kama kuna mahali nimegonga. Hakuna. Nikanunua maji, nikanawa uso, nikaketi chini ya mti mpaka jua likapanda. Mama Zuhura sikumwambia siku ile. Nimemwambia mwaka huu, na hajanisamehe.

Daktari aliyenipokea Dar alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu, mwenye subira ya bibi. Alinipima shinikizo la damu, likawa juu. Akazungusha utepe shingoni: sentimita 43. Akaniambia zaidi ya 40 ni moja ya dalili wanazoziangalia, pamoja na kukoroma, uchovu wa mchana, mtu kukushuhudia ukikata pumzi, presha, unene, umri kupita 50 na kuwa mwanamume. Nikakumbuka kwamba fundi wangu wa kanzu alishanilalamikia kola miaka miwili nyuma. Kumbe alikuwa ananipima maradhi bila kujua.

Maradhi yenyewe yanaitwa apnia ya usingizi. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine, hasa wenye shingo nene au koo jembamba, njia ya hewa inajifunga kabisa au inabaki tundu kama la sindano. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo tu ili koo likaze, hewa inaingia kwa kishindo, unalala tena. Asubuhi hukumbuki hata mara moja. Ukikatika kwa sekunde 10 au zaidi inahesabiwa. Mara 5 hadi 15 kwa saa wanaita nafuu, 15 hadi 30 ya kati, zaidi ya 30 kali.

Halafu akanipa karatasi moja, akasema, "Baba, hii jaza mwenyewe. Usifikiri sana."

Nimekuja kuisoma sana karatasi ile. Ni kipimo cha Epworth, kilichotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, akakichapisha mwaka 1991. Epworth ni jina la hospitali aliyokuwa akifanya kazi. Alichokiona ni kitu chepesi ambacho kila mama wa nyumbani anakijua: ukimuuliza mtu "una usingizi?" atakuambia anavyojisikia dakika ile, na hilo halisaidii kitu. Muulize badala yake, katika siku zako za karibuni, mahali fulani ukiwa unafanya jambo fulani, uwezekano wa kusinzia ni kiasi gani? Sifuri ni hakuna, 3 ni mkubwa. Mahali ni 8, kwa hiyo jumla inaanzia 0 hadi 24. Ukipita 10 usingizi wako wa mchana umezidi.

Mahali penyewe pamechaguliwa kwa akili, pengine panabembeleza usingizi, pengine panaufukuza. Kulala chini mchana ukipata nafasi ndipo panapobembeleza kuliko kwingine. Hapo mtu yeyote wa Tanga aliyekula wali wa nazi na samaki saa saba, feni inazunguka na nje jua linachoma, ataandika 3 na hatakuwa mgonjwa. Upande wa pili kuna kukaa na kuzungumza na mtu. Mwenye kusinzia hapo ana jambo. Katikati kuna kusoma, kutazama televisheni, kukaa tu kwenye mkutano, kuwa abiria kwa saa nzima bila kusimama, na kukaa kimya baada ya chakula cha mchana "bila kunywa pombe". Nilipofika hapo nikasema astaghfirullah kwa sauti, daktari akacheka, akasema ni utaratibu wao, wewe jibu tu. La mwisho ni gari likisimama dakika chache kwenye foleni. Sisi Tanga habari za foleni tunazipata kwa jamaa zetu wa Dar, lakini maelekezo yanasema hata kama hujafanya jambo karibuni, kadiria lingekuwaje.

Kwenye mkutano niliweka hotuba ya Ijumaa. Hapo nikajikuta ninarudi chuoni kwa maalim wangu, Mola amrehemu, maana suala la nani amelala na nani amesinzia tulilisoma kabla ya Melbourne kulisikia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, usingizi unatengua udhu, isipokuwa wa aliyeketi makalio yakashikamana na ardhi. Kusinzia hakutengui. Tukamuuliza maalim, mtu atajuaje? Akasema: aliyesinzia anasikia sauti za watu ila haelewi wanachosema, aliyelala hasikii. Basi tulikuwa tunapimana. Ukimwona mwenzio kichwa kinadondoka unamnong'oneza jina la tunda, baadaye unamuuliza nimesema nini. Akisema "ulisema kitu", huyo alisinzia. Akisema "hukusema kitu", akatawadhe. Ni kipimo kizuri, ila kinahitaji mtu wa pili. Peke yako hukiwezi, kwa sababu ambaye hakusikia hajui kwamba kulikuwa na cha kusikia.

Nikajaza. Kusoma 1, televisheni 1, mkutano 0, abiria 1, kulala mchana 3, mazungumzo 0, baada ya chakula 1, foleni 0. Jumla 7. Nikajiona mzima wa afya, nikamrudishia karatasi kwa fahari kidogo.

Akaitazama. Akafungua droo, akatoa nyingine tupu. "Hii mpelekee mama. Ajaze kuhusu wewe. Usimwone anapojaza."

Mama Zuhura alinipa 17.

Tuligombana kwenye kila mstari, kama watu wanaogawana mirathi. Televisheni 3? "Taja habari moja ya saa mbili usiku uliyoimaliza tangu Mfunguo Mosi." Sikuitaja. Abiria 3? "Kila tukienda Pangani unaamka kwa matuta." Mkutano 2, hapo nikadhani nimempata, kwa sababu Ijumaa hakai na mimi safu moja. Kumbe alimuuliza mwanetu wa kiume, anayeketi ubavuni kwangu, na mtoto akasema kweli yake. Kwenye foleni peke yake ndiko alikonipa 0, akieleza kwamba hajawahi kukaa nami kwenye foleni, hawezi kumsingizia mtu.

Lakini lililoniuma lilikuwa namba 1, kwenye mazungumzo. Mimi nimeweka 0, yeye 1. Nikamuuliza, lini nimesinzia nikizungumza na mtu? Akakaa kimya kidogo akikunja upindo wa khanga. "Nilikuwa nakusimulia habari za mazishi ya mama mdogo. Uliyakosa kwa ajili ya safari. Nikafika pale walipomtoa ndani, nikaona kidevu kimeshuka. Nikanyamaza. Ulipoinua kichwa ukasema, 'enhe, endelea.'" Na aliendelea, anasema. Alianzia nilipotaka aanzie.

Nilirudi kwa daktari na 7 yangu na 17 ya mke wangu, nikamuuliza ipi ni kweli. Hakuchagua. Alisema wagonjwa wengi wa apnia hujipa kidogo kuliko wenzi wao wanavyowapa, na sababu si uongo tu. Uongo upo. Jirani yetu mmoja, dereva wa malori ya masafa, nilipompelekea karatasi ile aliuliza kwanza "ataisoma nani?", kisha akaandika sifuri nane, mstari hadi mstari, kama mtu anayejaza fomu ya forodha. Simlaumu, leseni ndiyo ugali wa watoto wake. Sababu kubwa zaidi ni kwamba maradhi haya huja taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka unasahau kuwa macho kulikuwaje. Unajilinganisha na jana, na jana nayo ulikuwa unasinzia.

Kuna vipimo visivyokuuliza neno. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1970, Mary Carskadon na William Dement walikuja na kimoja. Unashinda maabara, umebandikwa nyaya kichwani za kusoma mawimbi ya ubongo. Kila baada ya saa mbili unalazwa chumba cha giza unaambiwa lala, mara nne au tano kwa siku, dakika 20 kila mara, wanaangalia umechukua dakika ngapi. Wastani ukiwa 8 au chini yake, usingizi wako umepita kiasi. Baadaye kikaja cha pili chenye maagizo ya kinyume: unakalishwa kitini, taa hafifu, kimya, unaambiwa usilale, dakika 40, mara nne. Ungedhani majibu yatafanana. Hayafanani sawasawa. Kuna mtu ukimruhusu kulala anazama mara moja, lakini ukimwambia kesha anakesha. Mwingine hana haraka ya kulala, ila akiambiwa kaa macho hawezi. Kwa dereva, cha pili ndicho kinachosema jambo la maana, kwa sababu barabarani hakuna anayekuambia lala.

Nilichokipenda zaidi ni cha David Dinges na John Powell, cha mwaka 1985. Dakika 10, kijitaa kinawaka kwa vipindi usivyovitarajia, unabonyeza kitufe kila ukikiona. Ukichelewa zaidi ya milisekunde 500, wanaandika umepotea. Mtu mwenye usingizi si kwamba anakuwa mzito wakati wote. Anabonyeza vizuri, vizuri, vizuri, kisha kimya, kisha vizuri tena. Nilipoelezwa hivyo niliuona mkono wangu juu ya shimo la tatu, kete tatu ndani yake.

Kwangu hivyo vyote havikufanyika, nisijipambe. Nilipewa kifaa cha kulala nacho nyumba ya shemeji yangu Dar: mkanda kifuani, kijimpira puani, kibano chenye taa nyekundu kidoleni. Watoto wa shemeji waliniita roboti. Majibu: mara 34 kwa saa. Nilivyolala saa 7 hivi, ni mara 238 kwa usiku mmoja.

Nikadhani hiyo ndiyo namba ya usingizi wangu, mjadala umekwisha. Daktari akanisahihisha. Ile ni namba ya koo. Namba ya koo na namba ya usingizi wa mchana haziendi pamoja kama unavyotegemea. Kuna mtu anakatika mara 40 kwa saa na mchana yuko macho kama kunguru, mwingine mara 10 tu na hajiwezi. Mwili wa kila mtu unalipa deni hili kwa sarafu yake. Kwa hiyo hata mwenye mashine mezani bado anaihitaji ile karatasi yenye maswali 8, na, kwa maoni yangu, anaihitaji kwa mwandiko wa watu wawili. Sijui kwa nini fomu ya pili si kawaida kila mahali. Ni karatasi moja tu.

Nikapewa mashine ya kusukuma hewa, ile aliyoianzisha Colin Sullivan kule Sydney na kuitangaza mwaka 1981. Ni kijisanduku kama redio ndogo, mpira mrefu, barakoa ya puani. Inapeleka hewa kwa nguvu kidogo ili koo lisijifunge. Wiki ya kwanza niliichukia. Umeme ukikatika usiku inazimika, nakurupuka nikijiona nimefunikwa uso. Nilinunua betri kubwa, pesa yake ilikuwa ya bati za jikoni. Mashine inaweka kumbukumbu ya saa ulizoivaa, hakuna kudanganya, na saa hizo zina hadithi yake. Terri Weaver na wenzake waliandika mwaka 2007 kwamba kwenye kipimo cha karatasi faida ilifika kikomo kwa saa 4 hivi za mashine kwa usiku, kwenye kile cha kulazwa maabara ikaendelea hadi saa 6, na kwenye kuendesha shughuli za maisha hadi saa 7 na nusu. Yaani kwa saa 4 mgonjwa anakuambia amepona, na ubongo wake bado unadai.

Mwezi wa tatu tangu nianze mashine, nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nikachukua karatasi tupu, nikajaza tena, lakini kuhusu mwaka ule wa Muheza. Nikapata 16. Mtu yuleyule, miezi ileile, kalamu ileile: mara ya kwanza 7, mara ya pili 16. Nilimwonyesha Mama Zuhura. Akaitazama, akasema bado moja.

Sasa hivi najipa 5. Tatu kati ya hizo ni za kulala mchana, na sina nia ya kuzipunguza. Daktari alitaka nijaze nyingine kabla ya kuonana naye, ikaangukia katikati ya Ramadhani, nikamwomba tusogeze. "Siku za karibuni" za mtu anayetoka tarawehe, akalala saa tano, akaamshwa daku, haziwezi kupimwa na mtu wa Melbourne. Alikubali. Tukasogeza hadi baada ya Idi.

Safari ni Jumatatu, kwa basi. Yangu iko mfukoni. Ya Mama Zuhura aliijaza juzi usiku baada ya mimi kulala, akaikunja mara nne, akaitia kwenye begi la mashine na kufunga zipu. Nimeambiwa nisiifungue hadi tufike Dar.